Hamira Iliyolowesha Barua ya Posa

Watu wa kwetu Chapwa, hapa Tunduma, wana adabu, hilo nakubali. Hawakusemi usoni, wanasubiri upite kwanza. Kwa hiyo mimi nikipita na ndoo yangu kwenda bombani nasikia nyuma yangu, "Mama Komoni huyo," na nikigeuka kila mtu anatazama foleni ya malori kana kwamba hajawahi kuona lori tangu azaliwe. (Komoni, kwa msiofika huku kwetu, ni pombe ya kienyeji, na mimi sijawahi kuipika wala kuionja, nyumbani kwetu hata togwa likikaa siku ya pili baba analitilia shaka.) Jina hilo nililitafuta mwenyewe, Jumamosi moja asubuhi, mbele ya wakwe, mwenyekiti wa mtaa na nusu ya mtaa wenyewe, na kila nikikumbuka natamani nijizabe kibao.

Naitwa Sekela, mtoto wa tatu wa Mzee Simbeye, na wakati huo nilikuwa namalizia shahada ya pili, ile ya biokemia. Utafiti wangu ulihusu kimeng'enya kimoja kilichomo ndani ya hamira, hamira hiihii ya maandazi. Sitawachosha, ila bila kulielewa hili kidogo hamtaelewa nilivyojichongea. Kimeng'enya hicho kinachukua malighafi fulani ndani ya hamira na kuipeleka kwenye njia ya kutengeneza asidi amino, mojawapo inaitwa tirosini. Tirosini ikishajaa, inarudi kukikamata kimeng'enya na kukizuia: basi, inatosha. Lakini kuna asidi amino nyingine, triptofani, inayotoka kwenye malighafi ileile kwa njia ya jirani. Hiyo ikizidi, inakikamata palepale tirosini inapokikamata, ila yenyewe inakichangamsha kiongeze kasi. Moja inazuia, nyingine inachangamsha. Ndiyo hayo tu. Miaka miwili ya maisha yangu, na mama akiulizwa na wenzake kanisani nasomea nini alikuwa anajibu, "Maandazi, lakini ya kizungu."

Sasa, profesa wangu alitaka nirudie kipimo kimoja cha mwisho, na maabara niliyoazimwa ilikuwa Mbeya, siku moja tu, Jumatatu. Kimeng'enya chenyewe ni kidogo sana ndani ya hamira, kwa hiyo unahitaji hamira nyingi, na siku moja haitoshi kuiotesha. Nikaamua kuiotesha nyumbani. (Wenzangu wa maabara mnaosikiliza, najua mnatikisa vichwa, tikiseni tu.) Nikachukua dumu la lita tano lililokuwa la mafuta ya kupikia, nikalisafisha kwa maji ya moto mpaka mama akalalamikia mkaa wake, nikaweka maji, sukari, molasi kidogo na mbegu yangu ya hamira, nikaziba mdomo kwa pamba ili hewa ipite. Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Tunduma mwezi wa sita mnaijua, kwa hiyo nikalificha nyuma ya kochi sebuleni, mahali penye joto kuliko kwingine kote.

Tatizo ni kwamba Jumamosi hiyohiyo wageni walikuwa wanaleta barua ya posa.

Mchumba wangu anaitwa Ezekia, mwalimu wa hisabati, kwao ni Hasamba, watu wa kahawa na mahindi na maombi. Aliyemlea ni shangazi yake, Shangazi Enesi, kiongozi wa akina mama kanisani kwao, ambaye aliwahi kusimama katikati ya harusi ya watu akaondoka na kwaya nzima kwa sababu ameona kreti moja ya bia nyuma ya jiko. Huyo ndiye aliyekuwa anakuja, pamoja na mshenga wao, Mzee Mgala. Ezekia alinionya kwa simu mara tatu: "Sekela, shangazi akisema ndiyo, ukoo mzima umesema ndiyo. Akisema hapana, tuhamie Zambia tu."

Ijumaa jioni mama akaingia sebuleni, akanusa.

"Sekela, hiki kitu chako kinanuka."

"Kinanuka maandazi, mama."

"Maandazi gani yanayonuka kilabu? Kesho wageni wanakuja. Kitoe, kipeleke stoo."

Nikasema sawa, mama. Na nilikuwa na nia ya kukitoa, naapa, nilikwenda mpaka stoo, nikasimama mle ndani nikasikia baridi ya sakafu ikipanda miguuni, nikaona kabisa hamira yangu ikilala usingizi mpaka Jumatatu na mimi nikifika maabara na dumu la maji matamu. Nikarudi. Nikaona dawa ni ndogo tu: kinachosumbua ni harufu, harufu inapitia kwenye pamba, basi nitoe pamba, nifunge kifuniko. Nikakifunga. Nikakikaza kwa mikono miwili. Mama alipouliza kutoka jikoni, "Umeshatoa?" nikajibu, "Nimeshatoa, mama."

Jamani. Mimi, niliyewafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba hamira ikila sukari inatoa gesi, na gesi lazima ipate pa kutokea. Nimewasahihishia mtihani wa swali hilohilo! Nikakaza kifuniko, nikaenda kusuka nywele.

Asubuhi wageni wakafika kwenye saa nne, Mzee Mgala na koti lake la suti na bahasha ya barua mfukoni, Shangazi Enesi na kilemba cheupe kilichopigwa pasi mpaka kingo zinakata. Mimi kwa desturi nilikuwa nimefichwa chumbani nikisubiri kuitwa, na kupitia pazia nikasikia shangazi akisema, "Huku kwenu baridi kumbe inazidi ya kwetu." Mama, mwenye ukarimu wa kuua, akajibu, "Pole dada, ngoja nikuletee jiko." Akaleta jiko la mkaa, limekolea, akaliweka pembeni ya kochi. Lile kochi.

Mimi chumbani naridhika. Hata sikuunganisha jiko na dumu. Nilikuwa najitazama kwenye kioo nafikiria kama hereni zimezidi.

Nusu saa ya salamu na maombi, nikaitwa. Nikaingia na kitenge changu kipya, nikapiga magoti mbele ya shangazi kumwamkia, na pale chini, kichwa kikiwa usawa wa mguu wa kochi, nikaliona dumu. Lilikuwa limevimba. Yaani pande zote nne zimetuna, limekuwa kama mpira, limejisukuma lenyewe likatokeza pembeni ya kochi, shavu moja linatazamana na jiko.

"Binti," Mzee Mgala akaanza kwa sauti ya kanisani, "unawafahamu wageni hawa?"

"Ndiyo, baba, nawafahamu."

"Na barua hii, ipokelewe? Tuirudishe?"

Barua ilikuwa mkononi mwake, ameinyoosha. Mimi macho yangu yako kwenye dumu. Lililia, tii, kama mbu.

"Shangazi," nikasema, "samahani, naomba usogee kidogo."

"Nisogee niende wapi?" akauliza Shangazi Enesi, na haki yake, amekalishwa pale na wenye nyumba.

Baba akanikazia jicho. "Sekela, umeulizwa kuhusu barua."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli, au angelibeba dumu akakimbia nalo nje. Mimi nikaona nitalegeza kifuniko taratibu, kidogo tu, gesi itoke polepole, hakuna atakayejua. Nikapeleka mkono nyuma ya kochi huku natabasamu, nikazungusha nusu mzunguko.

Kifuniko kiliondoka chenyewe. Mlio ulikuwa kama gurudumu la lori limepasuka, kikagonga dari, kikarudi, na nyuma yake likaja povu, povu la rangi ya chai ya maziwa, likaruka juu, likageuka, likashuka juu ya kilemba cheupe cha Shangazi Enesi. Lingine likampata Mzee Mgala kifuani. Barua ya posa ililowa mpaka wino ukaanza kutembea. Na harufu! Usiku mzima wa harufu uliofungiwa ndani ulitoka kwa pamoja.

Povu linachuruzika kwenye paji la uso la shangazi, likafika mdomoni, naye bila kukusudia akalamba. Akafumba macho.

"Hii ni komoni," akasema.

"Hapana, dada yangu!" Mama akaruka. "Nyumba hii haina pombe! Kile kitu cha shule alishakitoa jana, namjua mwanangu, alishakitoa!"

Kila mtu akalitazama dumu, ambalo bado lilikuwa linatema. Mama alisimama na kitambaa mkononi.

Mlio ule ulisikika mtaa mzima. Kwenye mlango wakawa wameshajaa majirani, mbele yao mama mmoja anayeleta biashara kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambaye alivuta pumzi moja akapiga makofi: "Mawe! Ba Simbeye wanapika kachasu!" (Mawe kwao ni kama sisi kusema mama yangu, na kachasu ni gongo.) Na nyuma yake, kwa kuwa siku ya mkosi haiji nusu, mwenyekiti wetu wa mtaa, Bwana Siwale, aliyekuwa anapita kwenda msibani, na mgambo wake mmoja.

Ningenyamaza hapo, mngekuwa mnasikia mkasa wa kawaida wa kumwagika kwa kitu. Lakini mimi msomi. Msomi hawezi kuitwa mpika pombe akanyamaza. Nikakimbia chumbani kuleta ushahidi.

Ushahidi wenyewe ulikuwa asidi amino zangu. Chupa zake halisi zenye maandishi ya kiwandani nilikuwa nimeziacha chuoni, nikapima kiasi kidogo tu cha kutosha, nikakitia kwenye vifuko viwili vya nailoni vya kubana mdomo. Kimoja nimeandika TIR, kingine TRI. Nikatoka navyo mbio, nikaviinua juu mbele ya watu wote, mji wa mpakani, Tunduma: vifuko viwili vya unga mweupe.

"Hii ndiyo kazi yangu!" nikapaza sauti.

Mzee Mgala aliketi. Baba akashika ukuta. Mama akasema polepole, kama anayeongea na mtu aliye juu ya mti, "Sekela, mwanangu, weka hivyo vitu chini."

Mwenyekiti Siwale alivua kofia akaivaa tena. "Binti. Huo unga ni nini?"

"Ni asidi amino, mheshimiwa. Hazina madhara. Huu unachangamsha, na huu unazuia."

"Unachangamsha."

"Ndiyo. Ukiweka huu, kasi inapanda sana. Ukizidisha huu mwingine, inashuka, inatulia."

"Unawapa watu?"

"Hapana, naipa hamira!"

Nilivyozidi kueleza kwa usahihi ndivyo nilivyozidi kuzama. Nikafungua kimoja nikalamba, kuwaonyesha. (Triptofani ni chungu. Uso wangu ukajikunja wenyewe, mama wa Nakonde akapiga ukelele, "Tayari unampanda!") Mgambo akanipokonya vifuko vyote viwili kwa ncha za vidole, mwenyekiti akasema hakuna haja ya kelele, twende ofisini kwa amani, askari ataitwa, yeye anawaachia wale wanaojua zaidi.

Basi tukaandamana. Mimi mbele na kitenge kinachonata, nywele mpya zimejaa povu, mgambo pembeni, baba nyuma na Mzee Mgala na suti yake, na mtaa mzima unatufuata hadi madereva wa malori walishuka kuangalia. Shangazi Enesi alikuja pia. Hakuna aliyemwomba. Alitembea wima, kilemba kinadondosha matone, kama mtu anayetaka kuliona jambo hadi mwisho wake.

Ofisini mwenyekiti akauliza kama kuna mtu mzima anayeweza kunithibitisha. Profesa wangu! Nikapiga simu, nikaweka sauti kubwa wote wasikie, na kabla sijafungua mdomo profesa akaanza, maana ni mtu wa haraka:

"Sekela! Mzigo uko salama?"

Watu ishirini wakavuta pumzi.

"Profesa, niko na..."

"Usije ukauacha kwenye joto, utaharibika. Na ukifika Mbeya usiukabidhi kwa mtu usiyemjua. Jamaa wa Jumatatu wanakusubiri wewe na mzigo."

"Profesa, niko ofisi ya serikali ya mtaa na mwenyekiti anakusikia!"

Sauti yake ikashuka ghafla, "Mwenyekiti gani?"

Ilimchukua dakika nyingi kujieleza, na niseme ukweli, hakusaidia, kwa sababu yeye naye ni msomi, alianza na maumbo ya kimeng'enya. Askari aliyekuja, dada mmoja mtulivu mwenye daftari, alisikiliza hadi mwisho akasema haelewi lakini haoni mtu wa kumfunga pingu; unga utakwenda kupimwa, mimi nitaandika maelezo, na nitapatikana nikihitajika.

"Nani anamdhamini?" akauliza.

Nilitazama chini. Nilifikiri baba amenichoka. Yeye ni shemasi, kwa miaka yote hajawahi kukanyaga ofisi ile ila kwa shughuli za watu wengine. Nikamsikia anasogea.

"Mimi hiyo tirosini siijui," baba akasema. "Lakini mtoto huyu naye akifanya ujinga, anaufanya hadharani. Hana siri ya kuuza unga. Andika jina langu."

"Andika na la kwangu," akasema Shangazi Enesi.

Tulimgeukia wote. Akafuta shavu kwa ncha ya kitenge. "Nimepinga pombe tangu nikiwa msichana, naijua. Mpika pombe hawezi kufunga chombo kikali namna ile, angekuwa ameshakufa siku nyingi. Huyu hajui pombe hata kidogo." Akanigeukia. "Ila uongo unaujua. Mama yako aliniapia mbele ya watu, naye alikuwa amesimamia neno lako."

Ningependa kuwaambia nilijibu kitu cha maana. Nililia tu, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, hasira na mimi mwenyewe, na kifuniko, na mwezi wa sita.

Mambo yaliishaje? Hamira yote ilikuwa kwenye dari na mazulia, asidi amino ziko kwa polisi, kwa hiyo Jumatatu sikwenda popote, na kipimo kile cha mwisho kikachelewa hadi muhula uliofuata. Majibu ya unga yalirudi safi, yule dada askari akanipigia mwenyewe, akaongeza kwamba ofisini kwao sasa mtu akisinzia wanamwambia akatafute triptofani. Ezekia alipopata habari alicheka kiasi kwamba nilimkatia simu, na siku nne sikupokea simu yake. Barua ya pili ililetwa mwezi wa nane. Shangazi Enesi alikataa kochi, akaomba kiti karibu na mlango, akauliza kwanza, "Nyuma yangu kuna nini?" ndipo akakaa. Akasema ndiyo.

Lakini kilichonikaa moyoni ni jioni ya siku ile yenyewe. Wageni wameondoka, mimi na mama tuko uani tunafua vitambaa vya makochi, maji yamegeuka rangi ya molasi. Nikasema, "Mama, nisamehe. Nilikudanganya nikasema nimetoa."

Aliendelea kufikicha.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Asubuhi wakati nafagia nililiona. Limekaa pale nyuma ya kochi." Akakamua kitambaa, akakikung'uta. "Nikasema nikilitoa mimi, likafa, utasema mama ndiye aliyekufelisha shule. Nikasema ngoja, atalitoa mwenyewe kabla hawajafika. Sikujua kama lina nguvu zile, nisingeweka jiko."

"Sasa kwa nini ulimwapia shangazi?"

Mama akanitazama kama vile swali hilo ndilo jambo la kijinga kuliko yote niliyofanya siku ile. "Ulitaka nimwambie nini? Wewe si umesema umeshatoa?"

Tangu hapo nikiambiwa na mama toa kitu, natoa. Nikishindwa kukitoa, namwambia sijatoa, ananifokea, tunaendelea na maisha. Kufokewa hakuchafui dari. Na hamira siku hizi naotesha maabara tu, na nikipita dukani nikiona pakiti zake zimepangwa kwenye rafu, navuka upande wa pili wa barabara.